Mama Alivyomsema Yunusi

Siku ya tatu ya msiba wa mama nilikuwa nimekaa katika sabla ya mtaa wetu hapa Ibra, Oman, chumba kile kirefu cha wanaume ambamo watu huingia, hutoa pole, hunywa kahawa na kutoka, mlango ulipozibwa na mtu. Aliinama karibu kiunoni ili apite, kisha akainuka taratibu na kutazama nyuso moja moja. Wazee walioegemea ukutani wakaweka vikombe chini, maana mtu wa mita mbili na ushei, mweupe, mwenye mvi na kanzu fupi ya kuazima inayomwishia kwenye miundi, haji kila siku kutoa pole Ibra. Akatoa salamu kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, akaketi karibu na mlango. Alikuwa amekuja kwa gari kutoka Dubai, ambako anafundisha mpira wa kikapu watoto wa skuli ya kulipia. Dada yangu Salma ndiye aliyemwandikia kwamba mama amefariki. Mimi sikumwandikia. Kwa miaka ishirini na mbili sikumwandikia hata mstari.

Habari za ukoo wetu, nani alikuja lini kutoka Unguja na kwa njia gani, wameshaziandika wengine na bado wanaziandika. Mimi zinanichosha. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi nilikuwa karani wa serikali, jioni nilikuwa mchezaji wa timu ya kikapu ya klabu yetu, yule mfupi anayeuleta mpira mbele na kuugawa. Wacha nijisifu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kunisifu: mkoa mzima wa Sharqiyah hapakuwa na anayeugawa mpira kama mimi. Mwaka huo klabu ilipata mfadhili, ikamleta Jonas kutoka Lithuania. Mwenyekiti akaniita ofisini akaniambia, "Wewe Kiingereza unakijua. Huyu ni wako. Mpeleke mazoezini, mfasirie, muangalie asipotee." Nyumba aliyopangiwa na klabu ilikuwa na kiyoyozi kinachopuliza vumbi. Mama aliposikia alisema mtoto wa watu atachemka mle kama yai, aletwe kwetu. Akamtandikia chumba cha wageni, magodoro mawili yameunganishwa kwa urefu. Jina la Jonas hakulitaka. Alisema hilo ni Yunus, yule yule aliyemezwa na samaki, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu akawa Yunusi.

Yunusi alikuwa ametoka Marekani, na Marekani ilikuwa imemtema. Alinisimulia kidogo kidogo, baada ya chakula cha mchana, mimi nimelala kwenye busati na yeye amelala chali, miguu imepandishwa ukutani kwa kukosa pa kuiweka. Klabu kubwa ya huko ilimchukua akiwa na miaka ishirini na mmoja, na mji wao wote ukatoka kumsindikiza. Kwao, alisema, mpira unatembea kuliko watu. Wote watano lazima wauguse, na ukirusha kabla ya wakati kocha anakutoa. Siku ya kwanza ya mazoezi Marekani alikuwa peke yake karibu na kikapu, mpira mkononi, hakuna wa kumzuia, naye akampasia mwenzake aliyekuwa mahali pazuri zaidi. Mazoezi yakasimama. Kocha akamuuliza kama anaogopa. Hakuelewa swali, kwa sababu kwao angepongezwa. Akaendelea kupasi wiki nzima, mkono unapasi wenyewe, na wiki nzima wakamcheka. Wakamwambia ni laini, ale mara sita kwa siku apate mwili. Akawa anakula peke yake katika chumba cha hoteli mbele ya televisheni, anatapika, anakula tena. Wakongwe walimbebesha mabegi yao, wakamtuma vitafunio alfajiri, na siku moja alipochelewa walilijaza gari lake bisi mpaka kwenye paa. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, basi walipomtukana alicheka akidhani ni utani, na walipotania alikasirika. Uwanjani aliingia dakika za mwisho mwisho tu, mechi ikishaamuliwa na watu wameanza kutafuta funguo za magari yao. Habari ya kuachwa alipewa na mtunza vifaa, aliyemletea viatu vyake ndani ya mfuko wa taka. Nikamuuliza kama alilia. Akasema hapana, aliuliza tu kama anaweza kuondoka na mfuko.

Wakala wake alimwambia bado ipo nafasi moja, na ni moja kweli. Nenda mahali ambapo hakuna anayekujua, wakupe mpira kila unapoutaka, ujifunze kucheza peke yako kama wanavyotaka wao. Msimu ukiwa unakwisha, Mmarekani mmoja atakuja kukutazama. Akikupenda, unarudi. Asipokupenda, basi tena. Ndiyo sababu ya Yunusi kuja Ibra. Alikuwa amekuja kujifunza uchoyo, na nyumba aliyoangukia ilikuwa ya mama yangu.

Mchana tulikula sinia moja, mama, Salma, mimi na yeye. Mama hakujali habari za wanaume kula kwao na wanawake kwao. Alisema Yunusi ni kama mwanawe wa kumzaa, basi. Siku za mwanzo Yunusi aliona haya, akawa anangoja wengine wachote kwanza. Mama akimchambulia nyama na kuisukuma upande wake wa wali, yeye anaichukua na kuisukuma kwa Salma. Mama anairudisha. Yeye ananisukumia mimi. Nyama inazunguka sinia mpaka inapoa. "Hebu mwambie huyu," mama alisema, "hapa kwangu mtu hafi njaa kwa adabu. Ale!" Nikamfasiria. Yunusi akacheka mpaka akapaliwa na wali, akasema kocha wa Marekani alimwambia maneno hayo hayo kasoro wali. Tangu siku hiyo akawa anakula chake. Alijifunza kusema shikamoo, alijifunza kuomba pilipili, alijifunza kukaa jikoni juu ya kibao cha mbuzi, magoti yamefika masikioni, akimkunia mama nazi. Mama alizungumza naye Kiswahili moja kwa moja, bila kungoja mtu afasiri, naye alijibu alichojibu, na walielewana vizuri kuliko nilivyopenda.

Siku moja jirani yetu Bi Ruqaya alikuja kwa kahawa, akamwona akipita uani. Akasema, "Lo, mtoto mrefu, mzuri, na mkono wake ule! Wanangu hawana hadithi nyingine, Yunusi tu." Mama hakumwacha amalize. "Urefu wa bure huo, dada yangu. Mvivu, mgonjwa mgonjwa, hana lolote." Bi Ruqaya alipotoka tu, mama akatia ubani kwenye chetezo, akamwita Yunusi, akamzungushia moshi huku ananong'ona, yeye amesimama kama ng'ombe anayekaguliwa. Baadaye akaniuliza mama alisema nini. Nikamweleza kwamba kitu unachokipenda usikisifu mbele za watu, ukiponde, ili jicho la hasidi likipite. Kadiri anavyokupenda ndivyo anavyokuchafua. Alifurahi sana kwa hilo, akalirudia kwa Kiswahili chake, "Hana lolote, hana lolote," akaenda kumwambia mama jikoni, na mama akampiga na upawa. Kisha akaniuliza, "Na wewe, anasema nini juu yako?" Nikajibu mzaha wowote. Ukweli ni kwamba mimi mama alinisifu kwa kila mtu, kwa sauti, mlango wazi. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo mpaka aliponiuliza.

Uwanjani mambo yalikwenda kama wakala alivyopanga. Mimi ndiye niliyempa mipira. Miezi miwili ya kwanza alinirudishia nusu yake, tabia ya kwao, na mimi nilifunga vikapu vizuri sana miezi hiyo miwili. Kisha akaanza kuzoea. Mpira ukimfikia haukurudi tena. Alijifunza kumgeuzia mtu mgongo, kumsukuma kwa kiuno, kurusha huku watatu wamemning'inia, na alirusha kwa namna ambayo sijaiona tena kwa macho yangu, kiwiko hakitikisiki, mpira unashuka wavuni bila kugusa chuma. Tulipocheza Sur watu walimpigia makofi yeye. Tulipocheza Nizwa, ambako zamani vijana walilitaja jina langu mimi, mtoto mmoja alinijia baada ya mechi na kalamu, nikanyoosha mkono kuipokea, akaniambia, "Ami, nimpe Yunus atie sahihi, wewe unamjua." Nikampelekea. Nasema wazi, ulikuwa wivu. Nimewahi kuutafutia jina zuri zaidi, sikulipata.

Mmarekani alikuja mwezi wa nne, joto limeanza. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye daftari dogo la jalada jeusi. Alisimama pembeni ya ukumbi, akaniambia, "Wewe, mpe mipira." Saa mbili nzima nilimpa Yunusi mipira, kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka katikati. Nilimpa pasi za nyuma ya mgongo ambazo hakuziomba. Mara tatu nilimpokonya mpira na kufunga mwenyewe, na mara zote tatu Mmarekani aliniashiria kwa kalamu niondoke njiani. Yunusi hakukosa. Nina maana hakukosa; aliporusha kwa mkono wa kushoto kwa mzaha, ukaingia pia. Tulipomaliza, Mmarekani alinipigapiga bega, akasema nina mikono mizuri ya kuwashikia wachezaji taulo. Alikuwa anatania. Nilicheka, kama Yunusi alivyokuwa akicheka Marekani.

Kisha akasema desturi yao ni kuzungumza na watu anaoishi nao mchezaji, bila mchezaji mwenyewe kuwepo. Tukaenda nyumbani, Yunusi akabaki nje kwenye gari. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri: pilau, mchuzi wa papa, ndizi mbichi za nazi. Alimlisha yule mtu mpaka jasho likamtoka, kisha akakaa mlangoni, mtandio umemfunika vizuri, akammiminia kahawa. Mmarekani akaanza kwa sauti kubwa kama kawaida yao. Alisema mkono kama ule hajauona miaka kumi. Alisema urefu ule, mwendo ule, macho yale. Nikafasiri. Mama akaliweka birika chini.

"Hajasema mashaallah," akaniambia.

"Mama, si Mwislamu."

"Ndiyo kabisa. Jicho lake halina wa kulizuia."

Mmarekani akafungua daftari, akauliza kama Yunusi anafanya bidii, anaamka saa ngapi. Sasa, Yunusi alikuwa akitoka kukimbia kabla ya alfajiri kila siku ya Mungu, na mama ndiye aliyekuwa akimfungulia lango na kumpa tende mbili mkononi. Akaniambia, "Mwambie huyo ni wa kulala tu. Jua linawaka, yeye kalala. Mvivu, sijapata kuona."

Nikafasiri. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Kalamu ikaandika.

"Na afya yake?" akauliza Mmarekani. "Mgongo? Magoti?"

"Afya ipi?" mama akasema, akauvuta mtandio zaidi, maana yule mtu alikuwa bado anatabasamu na kumwangalia kwa hamu, na kila alivyoangalia ndivyo mama alivyozidi kuogopa. "Mgongo umekwisha. Kulalama tu, leo hapa, kesho pale. Na mwambie moyo wa kazi hana. Hana lolote yule. Wamtafute mwingine."

Nikafasiri hilo pia, mpaka lile la kutafuta mwingine. Uso wa Mmarekani ukabadilika. Akamtazama mama, mzee wa heshima, mwenye nyumba, asiye na sababu ya kusema uongo. Akaniuliza kama mama ana hakika. Nikasema anasema ana hakika. Kisha akaniuliza mimi. Aliweka kalamu chini kabisa, akaniuliza, "Na wewe? Mwaka mzima umekaa naye."

Ilikuwa inatosha sentensi moja. Ningemwambia: kwetu mtu anayependwa husemwa hivi, futa yote uliyoandika. Kiingereza cha kusema hivyo nilikuwa nacho, na nilikuwa nimeshamweleza hivyo hivyo Yunusi kwa dakika moja. Nikasema, "Mama ndiye anayemjua." Mmarekani akatikisa kichwa, akafunga daftari, akamshukuru mama kwa ukweli wake, akasema watu wakweli sasa ni wachache. Nikamfasiria mama kwamba anashukuru kwa chakula.

Gari lilipoondoka mama akanishika mkono. "Nimesema vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Alikuwa anamla mwanangu kwa macho. Umemwona?"

"Nimemwona."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa simu ya wakala: hawamtaki. Sababu hawakusema, ila wameona kitu ambacho hakikuwapendeza. Yunusi aliniuliza ni kitu gani. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwepo ukumbini. Nikamwambia sijui, mimi si mtaalamu. Basi akaanza kukitafuta mwenyewe. Akaamua kosa liko kwenye kiwiko. Kila siku baada ya laasiri tulikwenda ukumbini sisi wawili, yeye anarusha na mimi namkusanyia mipira, naye akakishusha kiwiko, akakitoa nje, akakirudisha. Kisha akaamua ni kifundo cha mkono. Kisha vidole. Alinitaka nisimame chini ya kikapu nimwambie ninachokiona, na nilikuwa namwambia: jaribu kushusha kidogo, jaribu kupandisha. Nilimwona akiubomoa ule mrusho kipande kipande, mbele yangu, mchana kweupe, na mimi nampa mpira mwingine. Kufika mwezi wa sita mpira ulikuwa unagonga chuma. Kufika mwezi wa saba hakujua tena alivyokuwa akirusha zamani, na mimi nilijua, ningeweza kumwonyesha kwa mkono wangu.

Nyumbani mama alikuwa na furaha tele. "Wamemwacha? Alhamdulillahi. Huko wangemuua." Alimpikia vitu vya sikukuu katikati ya wiki. Yunusi alikula alichopewa, lakini ile tabia ya kusukuma nyama upande wa wengine ilimrudia. Klabu haikuongeza mkataba wake, kwa kuwa mwisho wa msimu alikuwa hafungi tena. Alipoondoka, mama alilia siku mbili, kisha akakiosha chumba na kutenganisha magodoro. Nafasi ya kufunga ikarudi kwangu kwa msimu mmoja, halafu akaja mchezaji mwingine wa kigeni.

Mama aliishi miaka ishirini na mbili akiamini kwamba alimwokoa. Kila Ramadhani Yunusi alimpigia simu, kutoka Poland, kutoka Cyprus, kutoka miji ambayo mama hakuweza kunitajia vizuri, klabu ndogo na kisha ndogo zaidi, na mama alimuuliza kala nini. Mimi nilikuwa natoka nje wakizungumza. Mwaka wa mwisho, akiwa kitandani na akili inakwenda na kurudi, alimwambia Salma wasimruhusu mtu kumtazama sana Yunusi. Salma aliona ni mambo ya uzee.

Siku hiyo ya tatu, watu walipopungua, nilitoka na Yunusi mpaka kwenye gari lake. Tulizungumza Kiingereza, kama zamani. Aliniuliza habari za watoto, nikamuuliza za wake. Akaniambia kwamba siku nyingine, watoto wa skuli wakishakwenda, hubaki na kurusha peke yake. "Nadhani kilikuwa kidole cha shahada," akasema. "Siku ile kilikuwa kinachelewa kuuachia mpira. Yule mtu alikiona. Mimi nimekiona mwaka jana tu." Alikuwa ameunyanyua mkono, ananionyesha kidole.

Nikamwambia. Sitajipamba kwamba ulikuwa wema. Mama ameshakufa, hakuna atakayemuuliza tena, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilimwambia maswali na majibu yote kwa mpangilio wake. Akasikiliza bila kunikatiza, kisha akaniomba nimwambie maneno ya mama kwa Kiswahili, kama alivyoyasema yeye. Nikayasema. Nilipofika kwenye "hana lolote yule" akafumba macho, uso ukamlegea, machozi yakamtoka, na alikuwa anatabasamu. "Alinipenda kiasi hicho," akasema.

Halafu akafumbua macho. "Na wewe, alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Nikamwambia nilichojibu. Akautazama ule mkono wake kwa muda, akaushusha. Nilitaka anipige, na nilisogea karibu ili asipate taabu. Akauliza makaburi yako wapi, anataka kwenda kumwona mama. Nikasema twende, nitampeleka, hajui njia, na yule mlinzi wa makaburini ni mzee anayejua Kiarabu tu, hawataelewana. Akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akashusha kioo kidogo. Akasema atapata mtu mwingine wa kumfasiria.